Kiti cha Takaungu: Maofisa wa Kiingereza na Ugomvi wa Urithi Miongoni mwa Wamazrui, 1895–1896

Mapema katika mwaka wa 1895 alifariki Sheikh Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu, mji mdogo wa pwani ulioko kusini ya Kilifi. Waliodai kiti chake walikuwa wawili: Rashid bin Salim, mwanawe marehemu, na Mbaruk bin Rashid, mwana wa nduguye marehemu. Maofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, wakamtambua Rashid. Haikupita miezi mingi pwani ikawaka moto, kutoka upande wa Gazi hadi Malindi, na moto huo haukuzimika mpaka Aprili 1896, baada ya kuletwa askari kutoka Bara Hindi.

Vita hivyo huitwa katika vitabu vingi “uasi wa Mbaruk”. Neno uasi lina hukumu ndani yake. Mtu haasi ila anapokataa amri ya aliye na haki ya kumwamuru. Na swali lililozusha vita lilikuwa hilohilo, yaani ni nani mwenye haki ya kuamuru Takaungu, na ni nani mwenye haki ya kumweka huyo mwenye kuamuru.

Wamazrui hawakuwa wageni wa ugomvi wa namna hii, wala wa Mwingereza kuwamo ndani yake. Walitawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja. Mwaka wa 1824 Kapteni Owen alipandisha bendera ya Uingereza katika mji huo bila ya kutumwa na serikali yake, na himaya hiyo ya miaka miwili ilikuwa bado haijesha sawasawa pale Suleiman bin Ali alipoondolewa na kiti kikashikwa na Salim bin Ahmed. Salim alipofariki mwaka wa 1835 ukoo uligawanyika wenyewe kwa wenyewe, na mgawanyiko huo, zaidi ya mizinga, ndio uliomfungulia Seyyid Said bin Sultan lango la Ngome mwaka wa 1837. Wakubwa wa ukoo wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas. Waliosalia walijitenga makundi mawili: wengine wakashika Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini.

Hapa msomaji hana budi kuwa mwangalifu na majina, kwani hata maofisa wa zamani yaliwatatiza. Mbaruk bin Rashid walikuwa wawili. Mmoja ni huyu wa Takaungu aliyenyimwa kiti. Wa pili ni Mbaruk wa Gazi, mzee aliyekwisha kupigana na masultani wa Zanzibar mara kadha wa kadha, na ambaye baba yake ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa.

Madai ya Mbaruk wa Takaungu yalisimama juu ya desturi. Baba yake, Rashid bin Khamis, alikuwa mkuu wa Takaungu kabla ya Salim. Kiti kilitoka kwa ndugu kikaenda kwa ndugu, na ilitazamiwa kwamba baada ya hapo kitamrudia aliye mkubwa wa umri na mwenye watu katika kizazi kilichofuata. Sheria ya mirathi ya Kiislamu hugawa mali kwa mafungu yanayojulikana, na mwana ana fungu lake. Lakini haisemi kwamba mwana hurithi watu. Uongozi katika nyumba hizi haukuwa shamba wala mnazi. Ulipatikana kwa rai ya wazee wa ukoo, kwa bai’a, na kwa uwezo wa kuwakusanya wafuasi, wakiwamo marafiki wa bara, hasa Wagiriama. Ni kweli kwamba utaratibu huo uliweza kuzaa fitina na mara nyingine damu, na itakuwa ni kuupamba mno kusema kwamba ulikuwa shwari. Lakini fitina hizo zilikuwa na kikomo: mshindi alilazimika kupatana na jamaa zake, kwa sababu hakuwa na nguvu nyingine ila wao.

Rashid bin Salim, kwa upande wake, alikuwa kijana aliyejulikana kwa urafiki wake na Kampuni. Mpinzani wake hakuwa na sifa hiyo. Kampuni ilikuwa ikikaribia kufunga vitabu vyake. Fedha zilikuwa zimeisha, na tarehe 1 Julai 1895 mamlaka yake yalipita mikononi mwa serikali ya Uingereza. Chombo kilicho karibu kuzama hakitafuti nahodha mgumu. Uteuzi ulifanywa kwa kutazama ni nani atakayekuwa mwepesi kuongozwa, kisha ndipo hoja ya mwana na baba ilipovikwa juu yake kama joho.

Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz waliondoka mjini na kujiimarisha Gonjoro pamoja na wafuasi wao. Walipofukuzwa huko mwezi wa Juni, Mbaruk alikimbilia kwa jamaa zake wa Gazi. Mbaruk wa Gazi hakuwa na haja ya vita hivyo. Umri ulikwisha kumwendea na Kampuni ilikuwa ikimlipa. Lakini Arthur Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza katika Zanzibar aliyechukua pia usimamizi wa pwani, alimtaka amtoe mgeni wake. Kwa ofisa hilo lilikuwa jambo la polisi: mhalifu yuko kwako, mlete. Kwa mzee wa Kimazrui, kumtoa jamaa aliyeingia nyumbani mwako akitafuta amani ni kujivua heshima ambayo ndiyo iliyomfanya awe mzee. Hakumtoa. Tarehe 17 Agosti 1895 ngome yake ya Mwele ilitekwa na kikosi cha wanamaji kilichoongozwa na Amiri Rawson, na tangu siku hiyo ugomvi wa nyumba moja ukawa vita vya nchi nzima.

Je, maofisa hao walikuwa na kanuni yoyote ya urithi waliyoiamini? Jibu hupatikana Zanzibar, ambako ofisi ileile ya balozi ilishughulika na jambo lilelile katika miaka ileile. Desturi ya kuamua ilikuwa imeanza zamani: baada ya kufariki Seyyid Said mwaka wa 1856, ugomvi wa Majid na Thuwaini ulikatwa mwaka wa 1861 na Lord Canning, mtawala wa India, aliyetenga Zanzibar na Oman na kuamuru Zanzibar ilipe Oman reale 40,000 kila mwaka. Kwa mapatano ya 1890 sultani aliachiwa haki ya kumtaja atakayemfuata, kwa sharti kwamba Uingereza iridhie. Sharti hilo lilikula haki yenyewe.

Alipofariki Seyyid Ali mwaka wa 1893, Khalid, mwana wa Seyyid Barghash, alijaribu kuingia katika jumba la kifalme akatolewa, na kiti akapewa Hamad bin Thuwaini. Hamad alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia tena, na safari hii hakutoka. Asubuhi ya tarehe 27 meli za Kiingereza zililipiga jumba kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Aliyewekwa ni Hamoud bin Muhammed, mtu mzima aliyempita Khalid umri kwa miaka ishirini hivi. Kumbe basi Zanzibar ukubwa wa umri ulikuwa hoja nzuri, ilhali Takaungu, mwaka mmoja tu nyuma, haukuwa hoja hata kidogo. Na mwaka wa 1902, alipofariki Hamoud, mwanawe Ali, aliyesomeshwa Uingereza, alipewa kiti angali kijana wa miaka kumi na minane, na Mwingereza A. S. Rogers akashika madaraka kwa niaba yake hadi 1905. Mwana alikuwa mrithi alipofaa, na hakuwa mrithi alipokosa kufaa. Kanuni iliyodumu katika mambo yote matatu ni ridhaa ya ofisi.

Mabadiliko haya yameacha alama katika lugha pia. Liwali, kutokana na al-wali ya Kiarabu, alikuwa mtu aliyewekwa na sultani, lakini katika miji kama Takaungu sultani aghalabu alimthibitisha yule ambaye wenyeji wamekwisha kumkubali. Chini ya serikali ya kikoloni neno lilibaki na maana ikahama: liwali akawa mtumishi mwenye mshahara, anayeweza kuhamishwa au kuondolewa kwa barua. Wazee waliokutana zamani kutoa rai wakawa mashahidi wa kuitwa kuthibitisha lililokwisha kuamuliwa. Na yule ambaye jana angeitwa mdai, leo akaitwa mwasi.

Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka mwezi wa Aprili 1896 pamoja na watu wake wengi, akajisalimisha kwa Wadachi chini ya gavana Wissmann. Mashamba yake upande wa Kiingereza yalichukuliwa na serikali. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka wa 1910. Katika mji huohuo, tangu Oktoba 1896, aliishi mkimbizi mwingine aliyeletwa na manowari ya Kidachi kutoka Zanzibar baada ya jumba lake kubomolewa na Amiri yuleyule wa Mwele: Khalid bin Barghash. Waingereza walimkamata wakati wa Vita Kuu, wakampeleka Shelisheli na St Helena, na hatimaye wakamruhusu kurudi Afrika ya Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka wa 1927.