Bunduki Kuukuu za Stanley Falls
Bunduki nyingi zilizofika Kisangani, enzi hizo Stanley Falls, miaka ya 1880 zilikuwa magobori yaliyoachwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata bunduki za kupakiwa nyuma. Yaliuzwa kwa bei nafuu, yakapitia Unguja hadi kwa watu wa Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa hapo mwaka 1887. Yalitumika kuvamia vijiji kwa ajili ya pembe na watumwa. Bunduki ya fataki ilistahimili unyevu wa msitu, ila fataki zikiisha ilibaki rungu tu. Gumegume ilitaka jiwe la kutoa cheche, baruti na risasi iliyoshindiliwa kwa mdeki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa eneo hilo. Gumegume zenye mtutu laini ziliruhusiwa kwa masharti.