Mbingu Iliyopigwa Misumari

Ukitoka Nachingwea usiku kuelekea Ruangwa, taa za mji zikishabaki nyuma, nyota hujaa mpaka juu ya mikorosho. Kilimia, kundi lile lenye jina la kulima, hurudi kila mwaka kwa majira yake. Zuhura ndiyo inayosumbua: utaiona magharibi jua likizama, kisha itapotea, uje uikute mashariki alfajiri. Kwa chungwa na tochi mwanafunzi ataelewa usiku na mchana. Mwendo wa sayari kadhaa kwa pamoja, mikono miwili haitoshi kuuonyesha.

Ndiyo maana mafundi wa Ulaya walitengeneza mbingu za magurudumu. Mwaka 1682 Christiaan Huygens wa Uholanzi alikabiliwa na hesabu ngumu: Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na karibu nusu, na nusu ya jino haichongeki. Akatafuta mpaka akapata gurudumu la meno 7 linalosukuma lenye meno 206. Gawanya mwenyewe, utapata 29.43. Baadaye John Rowley wa London alimtengenezea Charles Boyle, Earl of Orrery, chombo cha aina hii, na Waingereza wakakiita orrery.

Ninayempenda mimi ni Eise Eisinga, fundi wa kuchana sufu wa mji wa Franeker, Uholanzi. Mei 1774 mwezi na sayari nne zilikaribiana angani, na kijitabu kimoja kikawatia watu hofu kwamba dunia inakwisha. Eisinga akaanza kujenga mbingu kwenye dari ya sebule yake, kazi ya miaka 7. Meno ya magurudumu yake ni misumari ipatayo 10,000 iliyopigwa kwenye mbao, na saa yenye pendulamu ndiyo inayoyaendesha yote. Milimita 1 darini ni kilomita milioni 1. Mwaka aliomaliza, 1781, William Herschel akagundua Uranus. Dari haikuwa na nafasi tena! Mashine hiyo inatembea hadi leo, na 2023 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Huku kwetu nako kuna la kueleza kwa mashine kama hiyo: Septemba 1, 2016, kupatwa kwa jua kulipita kusini mwa Tanzania, na huko Rujewa, Mbeya, jua likabaki pete. Mbona hakuji kila mwezi unapoandama? Katika orrery nzuri, njia ya mwezi imeinamishwa digrii 5, kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya jua. Mtoto akizungusha mkono wa mashine huliona hilo kabla hajaelezwa. Nachingwea na Ruangwa kuna maseremala, mbao na misumari. Waanze na mashine ya jua, dunia na mwezi tu.