Deadpool: Paws

Deadpool: Paws ni riwaya ya Kiingereza ya mwandishi wa Marekani Stefan Petrucha, iliyotolewa na Marvel mwaka 2015. Mhusika wake mkuu, Deadpool, ni mamluki aitwaye Wade Wilson. Alibuniwa na Fabian Nicieza na Rob Liefeld, na alionekana kwanza katika toleo la 98 la katuni za The New Mutants, mwaka 1991. Mwili wake hujiponya majeraha, ila ngozi yake imejaa makovu. Huua kwa malipo, hutania hata kifo, wala haheshimu mamlaka yoyote.

Katika riwaya hii shirika la siri la S.H.I.E.L.D. linamkodi ayasake mazimwi yaliyofichwa jijini New York katika umbo la vitoto vya mbwa. Kazi hiyo inamtia mtihanini muuaji ambaye kwa kawaida hasiti.

Ugumu wa kitabu cha aina hii ni wa kisanaa. Katika katuni, ucheshi wa Deadpool hutegemea mchoro: sauti za kichwani mwake huandikwa ndani ya visanduku vya rangi, naye humgeukia msomaji huku akijua fika kwamba yumo katunini. Riwaya haina picha hizo. Petrucha anamwachia Deadpool asimulie kwa nafsi ya kwanza, na hapo ndipo utamu wa kitabu ulipo, kwa kuwa msomaji huishi ndani ya akili yenye fujo, akicheka mambo ambayo yakisimuliwa na mwingine yangetisha tu.