Patisheni Nne: Historia ya Kugawa Diski na Kusakinisha Linux

Kompyuta ya IBM PC, iliyotangazwa Agosti 1981, haikuwa na diski ngumu, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi data hata umeme unapokatika. Mtumiaji aliyetaka kubadili mfumo endeshi, ambao ndio programu kuu inayosimamia vifaa vya mashine na programu nyingine zote, alichomoa flopi moja, akaingiza nyingine, kisha akaiwasha mashine upya. IBM yenyewe ilikuwa imetangaza mifumo endeshi mitatu kwa ajili ya mashine hiyo, yaani PC DOS, CP/M-86 na UCSD p-System, na kwa kuwa kila mmoja ulikaa katika flopi yake, hapakuwa na ugomvi wa makazi. Hali ilibadilika Machi 1983, ilipotoka PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, kwani diski hiyo haikuchomolewa kama flopi, na kila mfumo endeshi ulikuwa na utaratibu wake wa kupanga mafaili ambao mwingine haukuuelewa.

Suluhisho lililokuja na PC DOS 2.0 lilikuwa kuigawa diski katika patisheni, yaani vipande ambavyo mfumo endeshi hukichukulia kila kimoja kana kwamba ni diski inayojitegemea. Mipaka ya vipande hivyo iliandikwa katika sekta ya kwanza kabisa, sekta ikiwa ni fungu la baiti 512 ambalo diski husoma au kuandika kwa mkupuo mmoja. Baiti 446 za mwanzo zilibeba programu fupi ya kuanzishia mashine, 64 zilizofuata zilibeba jedwali la patisheni, na 2 za mwisho zilikuwa alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Kila patisheni ilihitaji baiti 16 za kutaja mahali inapoanza na inapoishia, ukubwa wake, kama ndiyo inayopaswa kuwashwa, na namba inayotambulisha aina ya mfumo unaoimiliki; kwa hesabu hiyo jedwali lilitosha patisheni nne tu.

Nne ni chache, na mwaka 1987 DOS 3.3 ililazimika kubuni patisheni pana inayoweza kubeba nyingine ndani yake. Hata hivyo, jambo lenye uzito ni kwamba nne ni zaidi ya moja. Muundo wenyewe wa diski ulikubali kwamba huenda DOS isiwe mkazi pekee, na bila ukubalifu huo Linux, mfumo endeshi uliozaliwa miaka minane baada ya PC XT, isingepata mlango mwepesi wa kuingilia katika kompyuta za watu wa kawaida. Kitenzi cha Kiswahili "kusakinisha" kina mzizi mmoja na "maskani", na kwa historia hii hakuna kitenzi kinachofaa zaidi, kwa sababu kazi yote ilikuwa kumtafutia mgeni mahali pa kukaa katika nyumba yenye mwenyeji.

Mgeni huyo naye alianza maisha akiwa mpangaji wa mpangaji. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alinunua Januari 1991 kompyuta yenye diski ya megabaiti 40, na humo akaweka Minix, mfumo mdogo ambao Andrew Tanenbaum aliutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Linux aliiandika na kuiunda ndani ya Minix, nayo ikatumia hata utaratibu wa Minix wa kupanga mafaili. Kabla mwaka haujaisha, Torvalds alikosea akaelekeza kwenye diski amri za kupiga simu zilizokusudiwa modemu, na patisheni ya Minix ikaharibika. Badala ya kuisakinisha upya, aliamua kuiongezea Linux yale yaliyokuwa yamepungua, akahamia huko moja kwa moja. Ajali hii husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini inastahili kuhesabiwa miongoni mwa matukio makubwa ya historia hii, kwa kuwa ndipo Linux ilipoanza kusimama bila kuegemea mfumo mwingine.

Kwa wengine waliotaka kuijaribu, kazi ilikuwa ngumu. Mwanzoni Linux ilipatikana kwa flopi mbili, moja ya kuwashia na nyingine yenye mafaili, na aliyetaka iwake kutoka kwenye patisheni yake alilazimika kubadilisha kwa mkono baiti ya 508 na ya 509 za flopi ya kwanza. Februari 1992 Owen Le Blanc, wa kituo cha kompyuta cha Manchester nchini Uingereza, alitoa MCC Interim Linux iliyorahisisha kazi hiyo, na ndiye aliyeandika pia programu ya fdisk ya kugawia diski kutoka ndani ya Linux. Slackware na Debian zilifuata mwaka 1993.

Lililobaki kuwa gumu ni woga wa kupoteza data. Mnunuzi alikuta diski nzima imeshakuwa patisheni moja ya DOS, na kuchora mipaka mipya kwa fdisk kulimaanisha kufuta kila kilichokuwamo. Arno Schäfer aliandika FIPS, programu iliyopunguza patisheni ya DOS bila kuifuta, kwa sharti kwamba mafaili yote yawe yamesogezwa kwanza kuelekea mwanzo wa diski. Nayo ilimpa mtumiaji nafasi ya kuhifadhi nakala ya sekta za zamani kwenye flopi, ili aweze kurudi alikotoka mambo yakienda mrama. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta moja tu, nakala hiyo ndogo ndiyo iliyompa ujasiri wa kuthubutu.

Baada ya kupata mahali, Linux ilihitaji pia kuitwa. Kazi hiyo ilifanywa na LILO ya Werner Almesberger, kianzishi, yaani programu ndogo inayouliza ni mfumo upi uwashwe na kisha kuupakia. Herufi zake nne zilijitokeza kwenye skrini moja baada ya nyingine kadiri hatua zilivyofanikiwa, hivyo mashine iliyokwama kwenye "LI" ilikuwa imeeleza yenyewe ilipokwamia. Kwa muda mrefu LILO iliitegemea BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine, ambayo haikuweza kusoma zaidi ya silinda 1024 za diski, silinda zikiwa ni mafungu ya njia za mviringo zilizopangana. Katika diski nyingi za zama hizo kikomo hicho kiliangukia kwenye megabaiti 504, na hapo ndipo ilipotokea desturi ya kutenga patisheni ndogo ya kuwashia karibu na mwanzo wa diski, desturi ambayo wengi waliiendeleza hata baada ya LILO kukivuka kikomo hicho.

Kanuni nyingine ya wakati huo ilikuwa kutanguliza Windows na kufuatisha Linux, kwa sababu Windows ilipojisakinisha iliandika msimbo wake juu ya zile baiti 446 na kianzishi cha mwenzake kikatoweka. GRUB, iliyoanzwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilichukua taratibu nafasi ya LILO. Ubuntu, iliyotolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo jina lake lina asili moja na neno "utu", ilituma sidii bure duniani kote na kuifanya kazi ya kugawa diski kuwa swali la kusogeza mpaka kwa kipanya.

Jedwali la 1983 lilizidiwa diski zilipovuka takriban terabaiti 2, kwa maana tarakimu zake hazikutosha kuhesabu sekta zaidi ya hapo. Mahali pake pamechukuliwa na GPT, jedwali jipya ambalo kwa kawaida hutoa nafasi ya patisheni 128. Pamoja na hayo, sekta ya kwanza ya diski ya GPT bado hubeba jedwali la zamani lenye patisheni moja tu inayodai diski yote, ili programu kongwe isiyoijua GPT isidhani kwamba diski ni tupu ikaanza kuandika juu ya wakazi wake.