Kutoka Uvira hata Pwani: Miezi Saba na Saa Mbili

Watu wa Uvira huziona eropleni zikishuka ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, upande wa Bujumbura. Kutoka kiwanja hicho hata Dar es Salaam, ukipima moja kwa moja, ni kilomita 1,160 hivi. Eropleni ya jeti huenda kadiri ya kilomita 800 kwa saa. Basi, pamoja na kupaa na kutua, abiria huwasili pwani kwa saa mbili hivi. Je, watu wa zamani walitumia muda gani?

Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Ujiji tarehe 14 Februari 1858. Ndiyo miezi saba na nusu. Kisha wakapanda mitumbwi, wakafuata ufuko kwenda kaskazini, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili. Walitaka kujua kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Wenyeji wakawaambia kwamba huingia. Livingstone na Stanley walipofika mtoni mwaka 1871, wakaona kwa macho yao kuwa wenyeji walisema kweli.

Lakini kwa nini miezi mingi hivyo? Mpagazi akienda kilomita 15 kila siku, angemaliza kilomita 1,160 kwa siku 78 tu. Ila njia ilipindapinda, na msafara ulisimama mara nyingi: leo homa, kesho mto umefurika, hapa watemi wanadai hongo, pale wapagazi wametoroka na wengine hawajapatikana. Siku za kungoja zilishinda siku za kwenda.

Mapadre Weupe nao walipita njia hiyo. Waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Padre Pascal akafa njiani mwezi wa Agosti. Wenzake wakafika Ujiji Januari 1879. Mwaka ule ule wakaanza misioni Rumonge, katika nchi ya Burundi, na huko tarehe 4 Mei 1881 waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop. Hao twawajua kwa majina. Lakini wapagazi wengi walioanguka katika njia ya pwani hawakuandikwa kitabuni, wala watumwa waliopitishwa humo wakiwa wamefungwa minyororo.

Baadaye njia ilifupishwa. Mwezi wa Februari 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na safari ya miezi ikawa ya siku. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walirusha eropleni za majini karibu na Kalemie, wakaipiga Kigoma kwa mabomu. Lakini eropleni hizo hazikuja kwa kuruka! Zililetwa zimefunguliwa vipande vipande, kwa meli, kwa reli na kwa mto. Hata chombo cha angani kilihitaji kwanza mabega ya watu wa chini.

Basi, wasomaji wapenzi, nchi yenyewe haikupungua hata hatua moja. Ni ile ile waliyoipima wazee kwa nyayo zao, na mzigo kichwani. Apitaye juu kwa saa mbili, na atazame chini dirishani, awaombee raha ya milele wale waliopita kwa miezi saba, na hasa wale ambao Mungu peke yake ajua majina yao.