Unyevu Unatoka Upande Gani?

Mwenye nyumba wa Uingereza anayetaka kugeuza gereji yake kuwa chumba cha kulala huanza na sakafu, ukuta na dirisha. Paa hulifikiria mwisho, kwa kuwa anaona halina neno: mbao za kubebea, plaiwudi juu yake, kisha karatasi ya lami, basi. Miaka nenda rudi halijavuja. Lakini paa hilo bapa lilikuwa likikinga gari, na gari halipumui, halipiki, wala halianiki nguo ndani wakati wa baridi.

Watu wakihamia humo mambo hubadilika. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 0 haifikishi hata gramu 5, na mvuke unaozidi hapo lazima uwe maji. Usiku wa Januari mvuke wa chumbani hupanda, ukapenya kwenye nyufa za silingibodi na matundu ya nyaya za taa, ukapita katika sufi iliyowekwa kuzuia joto, hadi ukaikuta plaiwudi iliyopoa. Ukifungua dari ya namna hiyo, kitu cha kwanza kuona ni misumari. Ncha zake zilizotokeza chini ya plaiwudi zimeshika kutu, na kila moja imezungukwa na duara jeusi la ukungu, kwa sababu chuma hupitisha baridi upesi kuliko mbao na tone la kwanza hujitunga hapo. Mwenye nyumba huamini paa linavuja. Fundi anaitwa, anatandika lami mpya, na maji yanaendelea kudondoka kama kawaida, maana hayakutoka kwenye mvua hata siku moja. Yalitoka bafuni, jikoni na katika pumzi za waliolala. Tena kadiri sufi inavyoongezwa ili chumba kipate joto, ndivyo plaiwudi iliyo juu yake inavyozidi kuwa baridi.

Mafundi wa huko wana majibu mawili. Jibu la zamani wanaliita paa la baridi: sufi inapangwa katikati ya mbao, juu yake inaachwa nafasi wazi ya milimita 50, na kwenye kingo za pande mbili zinazotazamana zinaachwa nyufa za milimita 25 ili upepo uingie huku na kutokea kule. Chini, nyuma ya silingibodi, inawekwa nailoni ya kuzuia mvuke. Kwenye michoro mpango huu hauna kasoro. Kwenye gereji, mara nyingi haufanyi kazi, kwa sababu gereji nyingi zimeegemea ukuta wa nyumba kubwa. Upepo ukiingia upande mmoja unakutana na matofali, hauna pa kutokea. Mwongozo wa ujenzi wa Uskoti unashauri paa la namna hii liepukwe, na mimi naona una haki.

Jibu la pili ni paa la joto. Mabamba ya povu gumu yanatandazwa juu ya plaiwudi, chini yake nailoni, juu yake kinga ya mvua. Mbao zote zinabaki upande wa chumba, zinapata joto la chumba, na mvuke haukuti mahali pa baridi pa kugeukia maji. Paa hili halihitaji matundu; yale ya zamani yazibwe kabisa, la sivyo baridi itapita chini ya mabamba na fedha zote zitakuwa zimetupwa. Taabu yake ni kwamba paa linainuka, hivyo kingo, mifereji na maungio na ukuta wa jirani lazima vifanywe upya. Hata hivyo, kwa gereji iliyoegemea nyumba, ningelipa gharama hiyo.

Waswahili wa Lamu na Pate walijenga mapaa bapa karne nyingi kabla ya gari la kwanza, na hawakuwa na haja ya nailoni. Kwao hakuna usiku wa nyuzi 0. Joto la nje na la ndani hukaribiana, kwa hiyo mvuke wa chumbani haukuti kitu cha kuupoza. Maadui wao walikuwa jua la saa sita na mvua za masika, na wote wawili hushuka kutoka juu. Basi wakatandika boriti za mikoko kwa kusogezana, ukuta hadi ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao kwa kawaida haufiki mita 3. Juu ya boriti yakapangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu walipanga mstari na vipande vya mbao mkononi, wakaipiga sakafu kwa mwendo wa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikashikana na maji ya mvua yakawa hayana njia ila kukimbilia kwenye milizamu.

Uzito wa sakafu hiyo ndio kinga yake. Joto la mchana huchukua saa nyingi kulipita tabaka nene la mawe na chokaa. Linapofika chumbani ni jioni, watu wamekwishapanda juu kupunga upepo. Na huko juu nyumba nyingi za Lamu zina paa la pili, la makuti, linaloikinga sakafu isipigwe na jua wala mvua. Mwingereza huacha milimita 50 na kutumaini upepo utapita. Mlamu ameacha kimo cha mtu na zaidi, anapika humo na kulala humo, na kusi na kaskazi zinapita bila kuombwa. Kati ya mapaa yote ninayoyajua, hilo ndilo linalopitisha hewa kwa uhakika zaidi.

Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikaenda Oman na Ghuba, ambako zililazwa chini ya mikeka ya mtende na udongo. Mvua ni haba huko, na udongo ulitosha.

Lamu nayo ina ugonjwa wake, na unafanana na ule wa Uingereza. Chokaa hunywa unyevu na kuurudisha hewani. Fundi wa leo akiziba nyufa kwa saruji, maji yaliyokwisha kuingia hukosa njia ya kutoka, yakakusanyika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Nje kila kitu ni cheupe na kizuri huku ndani boriti zinaoza.

Wasiwasi wangu mkubwa ni chumba kinachojengwa sasa Mombasa na Dar es Salaam: banda la gari lililozibwa mlango, likapigwa silingibodi na kufungwa kiyoyozi. Hapa safari ya mvuke imegeuka. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25, na silingibodi ya chumba cha kiyoyozi ni baridi kuliko hapo. Matundu ya paa la Kiingereza yangeleta hewa ya bahari juu ya silingibodi hiyo mchana kutwa. Nailoni iliyobandikwa upande wa chumbani ingekusanya maji mgongoni mwake. Mwenye kiyoyozi aweke kinga ya mvuke na mabamba ya povu juu, upande wa jua, na azibe kila tundu.

Asiye na kiyoyozi hahitaji nailoni hata kidogo. Apake slabu chokaa nyeupe, asimamishe juu yake mabati au makuti kwenye fremu ya mbao, aache nafasi ya upepo, na ncha zote mbili zibaki wazi, zikiwa na wavu tu wa kuzuia kunguru na popo.