Nyayo, Kiira na Injini ya Mseto: Somo Kutoka Ng'ambo ya Lokiriama

Leo naweka kando kidogo mambo ya intaneti na programu, tuzungumze juu ya injini za magari. Wale mliokuja kwa ajili ya programu msiondoke, kwa maana hadithi hii inaishia huko huko.

Swali la leo: je, sisi watu wa Afrika Mashariki tunaweza kujenga gari dogo la mseto (yaani haibridi, lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), lenye mbio za kuridhisha, bila kuhangaika na tabochaja? Wapo watakaocheka. Lakini ukisimama Lokiriama, pale ambapo Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifanya amani mwaka 1973 wakazika silaha, nchi iliyo mbele yako ni Uganda. Na Waganda walishajenga gari la mseto mwaka 2014. Kabla ya kufika kwao, tuanze na mambo ya msingi.

Injini inayovuta pumzi yenyewe

Injini ya petroli huhitaji vitu viwili: mafuta na hewa. Pistoni ikishuka ndani ya silinda, nafasi hubaki na hewa ya nje hujivuta kuingia. Basi. Injini ya namna hii haina kifaa cha kuisukumia hewa, inategemea mapafu yake tu. Tabochaja ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa zaidi, na hewa zaidi maana yake ni mafuta zaidi na nguvu zaidi. Lakini huleta joto kali, mabomba mengi na kitu kingine cha kuharibika.

Udhaifu wa injini isiyo na tabo ni kwamba hewa ikiwa nyepesi, nguvu hupungua. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi, na mwinuko pia. Nimepiga hesabu kwa kanuni ile ya gesi tuliyosoma shule. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na tuseme joto ni nyuzi 36. Hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko hewa ya pwani yenye nyuzi 15, ambayo ndiyo kipimo cha wahandisi. Nairobi je? Iko mita 1,700 hivi, na hata kwa nyuzi 22 tu upungufu unafika karibu asilimia 20. Kwa hiyo injini yako inapumua vizuri zaidi hapa Lodwar kwenye jua kali kuliko Nairobi kwenye baridi! Wengi hudhani ni kinyume.

Sasa, mota ya umeme haihitaji hewa. Isitoshe, hutoa nguvu yake yote ya msokoto tangu gari likiwa limesimama, wakati injini ya petroli lazima kwanza izunguke kasi ndipo ichangamke. Hapo ndipo ndoa ya hawa wawili inapoleta maana. Pale injini isiyo na tabo inapokuwa dhaifu, mota ina nguvu.

Mseto si jambo la jana

Mwaka 1900 kijana Ferdinand Porsche, akiwa na kampuni ya Lohner kule Vienna, alitengeneza gari aliloliita Semper Vivus. Injini zake za petroli hazikugusa magurudumu kamwe. Zilizungusha jenereta, umeme ukaenda kwenye betri na kwenye mota zilizokuwa ndani ya magurudumu yenyewe. Mpangilio huu huitwa mseto wa mfululizo: mafuta, jenereta, umeme, gurudumu.

Wenzetu wa Kakuma hawahitaji maelezo marefu. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa huko wamekuwa wakiwasha jenereta ya dizeli na kuwauzia majirani umeme kwa waya. Ongeza betri hapo katikati, weka magurudumu, umepata gari la Porsche.

Baadaye petroli ilishinda na umeme ukasahaulika barabarani hadi Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani. Injini yake ilikuwa ya lita 1.5, bila tabo. Valvu yake ya kuingiza hewa huchelewa kufunga, hivyo hewa kidogo hurudi nje, na moto wa petroli hupata nafasi ndefu ya kusukuma kuliko ile iliyotumika kubana. Wazo hilo asili yake ni Mwingereza James Atkinson, wa karne ya 19. Mafuta yanatumika vizuri zaidi, lakini nguvu inapungua. Peke yake injini hiyo ingekuwa nzito kuondoka. Mota ndiyo iliyoziba pengo.

Wapenzi wa mbio walingoja hadi 2010, Honda ilipotoa CR-Z: gari dogo, injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, giaboksi ya kubadilisha kwa mkono yenye gia sita, na mota nyembamba iliyobanwa kati ya injini na giaboksi. Hapa injini na mota husukuma magurudumu kwa pamoja, tofauti na gari la Porsche. Halikuwa gari la kutisha kwa mbio, lakini lilionyesha kwamba si lazima mseto uwe wa kuchosha.

Nyayo walianzia mlango mgumu

Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani, na yalisemekana kufika kilomita 120 kwa saa. Lengo lilikuwa kujenga karibu kila kitu nchini, injini ikiwemo. Kampuni ya Nyayo Motor Corporation iliundwa ili kuyazalisha kwa wingi, fedha zikakosekana, na hayakufika sokoni. Kampuni hiyo baadaye ikawa Numerical Machining Complex, ya kuchonga vipuri.

Mimi siwacheki wale wahandisi hata kidogo. Injini ni mlango mgumu kuliko yote. Unasubu bloku ya chuma isiyo na ufa, unachonga silinda kwa usahihi wa sehemu ndogo mno za milimita, unatengeneza krankshafti iliyosawazishwa isitikisike ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Kisha urudie hayo mara elfu kumi kwa bei ambayo mwalimu anaweza kulipa. Viwanda vya Japani na Ulaya vilijifunza hayo kwa miongo mingi, nasi tulitaka kuyamaliza kwa miaka minne.

Kiira walianzia kwingine

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kilishirikiana na vyuo vingine vya dunia, chini ya uongozi wa MIT ya Marekani, kujenga gari la mseto la Vision 200 lililoonyeshwa Torino, Italia. Waliporudi nyumbani hawakukimbilia kusubu bloku. Novemba 2011 walitoka na Kiira EV, gari la watu wawili linaloendeshwa kwa betri tu, lenye uwezo wa kwenda kilomita 80 hivi kabla ya kuchajiwa. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Paul Isaac Musasizi, na fedha zilitoka serikalini.

Ndipo mwaka 2014 ikaja Kiira EV Smack, gari la watu watano. Hili lilikuwa na betri na jenereta inayozungushwa na injini ya mafuta ili kuichaji betri ikipungua. Umeona? Ni mpango ule ule wa 1900. Injini imeshushwa cheo. Badala ya kuwa moyo wa gari, imekuwa mtumishi wa betri, kazi ambayo injini ya kawaida isiyo na tabo inaiweza bila jasho, kwa sababu haidaiwi kuruka kila dereva anapokanyaga pedali.

Na hapo mpaka wetu unaeleza sababu. Chukua ile Kiira EV ya 2011 pale Lodwar asubuhi, nenda Lokiriama, kisha urudi. Hurudi! Kilomita 80 zitakwisha njiani, na hutapata mtu wa kukuchajia porini. Lakini petroli ya chupa utaipata dukani. Kwa nchi kama Turkana na Karamoja, jenereta ndani ya gari ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali.

Tusidanganyane hata hivyo. Mseto wa mfululizo una gharama zake. Jenereta ikitoa asilimia 90 ya kinachoingia, na mota asilimia 90, unabaki na 81 tu, na kwenye barabara ndefu mpangilio wa akina CR-Z hushinda. Tena Smack haikuuzwa madukani. Kiira Motors waligeukia mabasi, wakaonyesha Kayoola la umeme wa jua mwaka 2016. Lakini walibaki hai, na ujuzi walioupata uliingia kwenye mabasi hayo.

Sasa turudi kwenye programu

Nani humwambia mtumishi yule awashe na azime? Kompyuta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataandika: betri ikiwa chini ya asilimia 40 washa, ikiwa juu ya 40 zima. Jaribu uone. Betri itacheza kati ya 39.9 na 40.1, na injini itawaka na kuzima kama taa mbovu mpaka stata iungue. Dawa ni kuweka mipaka miwili, kwa mfano washa kwenye 35, zima kwenye 60. Kisha uongeze joto la betri, joto la injini, mlima ulio mbele, breki zinazorudisha umeme. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya gari la mseto, na haihitaji tanuri la kuyeyushia chuma. Inahitaji watu waliosoma, laptopu, na uvumilivu wa kupima.

Ndiyo maana naona somo la ng'ambo ya Lokiriama ni zito kwetu. Nyayo walitaka kumiliki chuma kwanza. Kiira walimiliki maamuzi: lini injini iwake, umeme uende wapi. Asiyemiliki programu ya gari lake atabaki kuwa mteja hata kama bodi limegongwa nyundo Kariobangi. Fundi wetu wa Lodwar analiona hilo kila gari la mseto kutoka Japani linapomjia likiwa na taa nyekundu asiyoweza kuisoma.

Nimalizie na jambo la bure kwa wenye Aqua au Prius huku kwetu. Betri kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu mnalijua. Kagua chujio na feni ya hapo mara kwa mara, na usipange magunia mbele yake. Injini ina chujio lake na kila fundi analikumbuka, lakini hili la betri husahaulika hadi taa iwake.

Haya, tukutane tena.